Anayepumua kwa Pua

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye kuogopa amshike wa ubavuni kwake, maana jambo hili lilianza mchana kweupe, saa ambayo watu hudhani wamesalimika.

Bi Pua alikuwa kitandani, mgongo umeegemezwa mito, mdomo wazi kama mlango wa duka. Hakuwa na namna nyingine. Matundu yote mawili ya pua yake yalijazwa shashi za hospitali, juu ya shashi pamba nyeupe, na juu ya pamba kitambaa kilichofungwa nyuma ya masikio. Pumzi ilipita mdomoni tu, haa, haa, ikaukausha ulimi ukawa kama kipande cha ngozi. Mumewe alikuwa kazini. Wifi yake alikuwa uani anafua. Nyumba kimya. Bi Pua akafumba macho asikilize pumzi yake mwenyewe, kwa kuwa mgonjwa hana redio nyingine.

Ndipo akasikia pumzi ya pili.

Hii haikuwa ya mdomo. Ilikuwa ya pua. Pua safi, pana, isiyo na mafua wala kidonda, inavuta hewa taratibu, inaishikilia kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, halafu inaiachia. Fffff. Kimya. Fffff.

Akafumbua macho. Kabati lile lile, kiti chenye nguo zilizokunjwa, pazia zito limefungwa. Hakuna mtu. Akafunga mdomo, akabana pumzi asikie vizuri. Na ile pumzi nayo ikasimama. Alipoachia, nayo ikaachia.

"Wifi!" akaita. "Wifi, uko humu ndani?"

"Niko na mashuka yako huku!" sauti ikajibu kutoka uani. "Unataka maji au unataka umbea?"

"Njoo."

Wifi akaja akifuta povu mikononi, akaishia mlangoni. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mwuza mitumba, mwanamke wa sauti, aliyekuja kuuguza na begi moja na vichekesho mia. Siku aliyofika alibisha hodi akisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Lakini tangu asubuhi ya siku hii hakuwa ameingia chumbani. Sinia la dawa alilisukuma sakafuni kwa ncha ya kidole cha mguu.

"Nani alikuwa humu?" Bi Pua akauliza kwa king'ong'o chake.

"Humu? Nani aje kukutazama wewe, na hayo masharubu ya pamba?"

"Nimesikia mtu anapumua."

"Ni wewe."

"Mimi napumua kwa mdomo."

Wifi akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Na Bi Pua, aliyezoea kutazama vitu vidogo, akaona kimoja: wifi yake naye alikuwa anapumua kwa mdomo. Pua nzima, haina uzi wala pamba, na bado mdomo wazi.

"Na wewe umezibwa na nini?"

"Mafua kidogo," wifi akasema, akaondoka haraka kama aliyeacha chungu motoni.

Sasa, Bi Pua hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa kazini, kwenye ghala la maziwa, ambako wafugaji huleta ndoo zao za chuma asubuhi na yeye husimama mbele ya foleni. Kazi yake ilikuwa moja: kufunua mfuniko na kuwahi. Harufu ya kwanza, ile inayotoka kabla hewa haijaingia, ndiyo yenye ukweli. Ya pili imeshajifunza kusema uongo. Akiinamisha uso tu, anakwambia. Haya yamelala. Haya kiwele kina jipu. Haya, baba, ndoo yako jana ilibeba mafuta ya taa, usiniapie. Na watu hawakumbishia, walirudi na ndoo zao wakicheka kwa aibu.

Kisha vinyama vikamwota puani. Kidogo kidogo dunia ikanyamaza. Siku moja akasema "mazuri" kwa ndoo iliyooza, ikamiminwa kwenye tangi, na tangi zima likaganda likamwagwa mtaroni mbele ya macho yake. Msimamizi hakumfokea. Alimwambia, "Bi Pua, tunakupenda sana, lakini tuliyemwajiri ni pua." Ndiyo maana alikubali kisu. Hakutaka uzuri wala hakutaka kulala bila kukoroma. Alitaka pua yake.

Daktari alikata vizuri, akashona vizuri, akatoa amri zake. Asiiname. Asipenge. Asiguse vumbi. Na zaidi ya yote asipige chafya. "Chafya moja tu, mama, nyuzi zinaachia, na hapo sijui nitaokoa nini." Mumewe, fundi bomba, alisikiliza kwa makini kwa sababu alimjua mke wake. Tangu usichana wake, akitoka kivulini akakutana na jua, lazima apige chafya. Wengine hivyo ndivyo walivyoumbwa. Basi yule bwana akarudi nyumbani akatundika pazia zito dirishani, akapigilia misumari kando zake, chumba kikawa kama cha mwali.

"Bomba likifunguliwa mapema," alisema, "kazi yote ni bure."

Kosa lenyewe lilifanyika siku walipokuja wenzake wa ghalani kumjulia hali. Walikuja kundi, wakaketi chini kwenye mkeka, wakazungumza polepole kwa kuwa mgonjwa alikuwa amepitiwa na usingizi. Nzi walikuwa wengi. Damu huita nzi hata kupitia pazia. Wifi akaona mmoja anatembea ukingoni mwa mdomo ule uliokuwa wazi, roho ikamwuma, akachukua shuka jeupe lililotoka kuanikwa, akamfunika wifi yake kuanzia miguuni mpaka juu ya kichwa. Kwa mapenzi tu. Mmoja wao akafika kachelewa, akachungulia mlangoni, akaona shuka, mkeka, watu wameinamisha vichwa. Akapiga yowe, akaanguka kwenye fremu ya mlango akilia, "Mwenzetu! Mwenzetu ameondoka!"

"Hajafa, wewe!" wakamwambia, na wote wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mgonjwa mwenyewe akaamka chini ya shuka akauliza nani kafiwa. Wakacheka zaidi.

Kesho yake ndipo pumzi ya pili ilipoanza.

Jioni mumewe alirudi akaketi kwenye kiti, si kitandani kama kawaida yake. Kiti alikisogeza karibu na mlango. Bi Pua akamtazama. Mdomo wazi.

"Mume wangu, ninanuka?"

"Hapana."

"Niambie."

"Nimekwambia hapana, mke wangu. Pumzika."

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Humu mgonjwa hakuficha kitu. Walioficha ni wazima. Harufu ilikuwapo. Ilikaa chumbani kama mtu aliyepewa kiti. Mume aliisikia, wifi aliisikia, na kila mmoja alidhani ni kidonda kinachooza ndani ya pua ile, na kila mmoja alijiuliza: nani mwenye moyo wa kumwambia mtu wa pua kwamba pua yake inanuka? Ikawa heshima. Wakafungua mlango wa ukumbini, wakabadilisha mashuka, wakanyamaza. Na yule mmoja ambaye angeitambua harufu ile kwa mvuto mmoja, akaiita kwa jina lake na kuirudisha ilikotoka, alikuwa amelala katikati yake na pamba puani, hajui.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Bi Pua alichukua kioo kidogo cha mkononi aone kama kitambaa kimelowa. Akakiteremsha kitambaa mpaka mdomoni. Pamba zilikuwa safi, nyeupe. Akazitazama. Na pamba ya kulia ikaingia ndani.

Kidogo tu. Ilivutwa, kama pazia linavyovutwa na upepo kwenye dirisha, ikabaki hapo kidogo, kisha ikasukumwa nje. Ya kushoto vile vile. Ndani. Nje. Bi Pua akafunga mdomo, akauziba kwa kiganja, akabana kifua chake kisisogee hata unywele, na moyo ukimpiga masikioni akaendelea kutazama, na pamba zikaendelea, ndani, nje, ndani, nje, bila haraka, na juu ya kioo, mbele ya matundu yaliyojazwa shashi mpaka ndani ambako daktari alisema hata mbu hawezi kupita, ukatanda ukungu, mduara wa kulia na mduara wa kushoto, ukafifia, ukatanda tena, na yeye hajapumua, hajapumua bado, mpaka macho yakaanza kuona nyota na mkono ukaanguka wenyewe na mdomo ukafunguka ukilia haa.

Kioo kikadondoka kwenye blanketi.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

Pumzi ikasimama, kama anavyosimama mtu aliyesikia hatua ndani ya nyumba aliyodhani ni tupu. Kisha ikaendelea.

Mumewe aliporudi alimwonyesha. Mara ya kwanza bwana yule alicheka. "Hewa hiyo, mke wangu. Bomba likizibwa huku, hewa hutafuta kule."

"Niwekee kioo. Halafu unizibe mdomo wewe mwenyewe."

Akamziba kwa kiganja chake kikubwa chenye harufu ya gundi ya mabomba. Akainama atazame. Miduara miwili ya ukungu ikatanda kiooni. Akakiondoa kiganja kana kwamba kimeungua, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati.

"Dada," akaita kwa sauti ndogo sana. "Dada, njoo hapa."

"Nini?" wifi akauliza akiwa ukumbini.

"Njoo tu. Usipige kelele."

Wote watatu wakasikiliza. Fffff. Kimya. Fffff.

"Si yeye," wifi akanong'ona.

"Si yeye," kaka yake akasema.

"Tumtoe. Sasa hivi. Hospitali."

Mumewe akambeba kama anavyobebwa mtoto aliyelala garini, wifi amekwenda mbele kushika mlango, na hatua za kwanza zilikuwa nyepesi, Bi Pua akaona ukumbi, akaona mwanga wa mlango wa mbele na viatu vyake vya mpira vya kazini vimesimama pale vinamngoja, akawaza nimetoka, nimetoka, lakini walipofika kizingitini mwa chumba mdomo wake ukabaki wazi bure, hewa imesimama mbele ya meno haiingii, akavuta hakuna kitu, akavuta tena, shingo ikatoka mishipa, midomo ikaanza kuwa rangi ya zambarau, na wakati yeye anakufa mikononi mwa mumewe yule mwingine nyuma ya pamba alikuwa anapumua kwa raha zake, taratibu, fffff, fffff, kama mtu aliyekaa barazani kwake akiwatazama wapita njia wakihangaika na mizigo.

"Mrudishe!" wifi akalia. "Mrudishe, anakwenda!"

Wakamrudisha kitandani. Hewa ikamwingia mdomoni ghafla, kama mtu aliyesukuma mlango ambao umefunguliwa upande wa pili. Walijaribu tena asubuhi wakiwa na majirani wawili. Ikawa vile vile. Hospitali wakapigiwa simu. Muuguzi akasema daktari haendi majumbani, msiguse pamba, mleteni siku yake ya kutolewa nyuzi. Mume akaishika simu baada ya kukatika, akaitazama kana kwamba ndani yake mna mtu.

Wifi ndiye aliyekwenda kumwita Mama Mwoshaji.

Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya pembeni, mwanamke mfupi wa viganja vilivyonyauka kwa maji. Wanawake wote waliokufa mtaa ule walipita mikononi mwake. Hakuna aliyemwalika penye mgonjwa; ilikuwa kama kumwita seremala wa majeneza aje kupima mtu kitanda. Alijua hivyo. Alisimama ukumbini akasema, "Jamani, mmeniita mapema, au kuna mwingine?"

Hakuna aliyecheka. Akaingia. Hatua mbili, akasimama, akanusa. Huyu hakufungua mdomo kama wenzake. Alinusa sawasawa.

"Udongo," akasema. "Udongo uliochimbwa sasa hivi, ule wa chini, wenye baridi. Mmeusikia tangu lini?"

Mume akamtazama dada yake. Dada mtu akatazama sakafu.

"Tulidhani ni kidonda," akasema.

"Na mkanyamaza."

"Tulimwonea haya, mama."

"Haya zenu ndizo zilizomlea mgeni." Akaketi kitandani, akamshika Bi Pua mkono. "Mwanangu, hawa walikulaza vipi? Walikufunika?"

"Nzi," wifi akajibu kwa niaba yake. "Nilimfunika kwa ajili ya nzi."

"Na uso?"

"Na uso."

"Shuka la rangi gani?"

Wifi akaanza kulia kabla ya kujibu.

"Jeupe," Mama Mwoshaji akajijibia. "Pamba puani. Shuka jeupe. Watu chini wananong'ona. Ilibaki mtu wa kulia tu."

"Alilia," Bi Pua akasema kwa king'ong'o. "Yule mwenzangu alilia mlangoni. Tukacheka."

Yule mama akafumba macho kidogo. "Basi nyinyi mmetengeneza maiti, mmemaliza kila kitu isipokuwa kuzika. Wako viumbe wanaopita penye msiba. Si wote wabaya. Wengine wanatafuta tu nyumba iliyoachwa na mwenyewe. Huyu alichungulia, akaona mlango umezibwa pamba, akajua mwenye nyumba kahama. Akaingia. Kwa akili yake haibi. Anarithi."

"Mwambieni bado nipo!"

"Haamini maneno. Kila msiba una mtu anayesema fulani bado yupo. Anataka ishara." Akavitazama viganja vyake. "Mimi nimeshika wengi. Maiti anaweza kucheza kidole, nimeona. Anaweza kutoa pumzi ukimgeuza, nimesikia, mara ya kwanza nilikimbia na kopo mkononi. Lakini katika wote niliowaosha, sijaona hata mmoja aliyepiga chafya."

 Wote walijua daktari alisema nini.

"Hapana," mume akasema. "Chafya hapana. Nyuzi zitaachia. Tumengoja pua hii, ameliwa na kisu kwa ajili ya pua hii. Tusubiri siku ya nyuzi, nitamleta daktari hapa hapa kwa gharama yoyote."

"Subirini," Mama Mwoshaji akasema. "Sikatazi. Mimi mwenyewe sijawahi kufanya jambo hili. Kazi yangu ni kufunga, sijafungua mtu. Ila sikilizeni."

Wakasikiliza. Pumzi ya pili ilikuwa imeshuka. Haikuwa tena puani peke yake. Ilikuwa kooni, na kila Bi Pua alipotaka kuvuta kwa mdomo alikuta imeshapita, imemtangulia, anabaki na mabaki yake kama mtu anayekula baada ya wageni.

"Siku ya nyuzi," Bi Pua akasema, akikata maneno kwa kukosa hewa, "daktari atazitoa hizi pamba. Atamfungulia nani?"

 Mumewe akamshika mguu juu ya blanketi.

"Usilie, fundi wangu. Pua itakatika, nitauza mitumba na dada yako, nitawaachia wengine maziwa. Afadhali mimi bila pua kuliko pua bila mimi."

"Utauza mitumba wewe?" wifi akasema akifuta kamasi. "Ulivyo mkali, utafukuza wateja."

Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Bi Pua kucheka, na alicheka kwa koo tu, maana uso uliuma.

Mama Mwoshaji akafungua kitambaa, akaziacha pamba. Akawapanga: mume dirishani, wifi miguuni, yeye kichwani. Akawaambia polepole, kama anayewafundisha watoto. "Nikisema vuta, vuta pazia lote. Jua litampiga usoni. Akishapiga chafya, pamba zitatoka na damu itatoka, msiogope damu. Na asiseme mtu. Mmenisikia? Hata neno. Aliye mwenye nyumba ndiye husema karibu. Mwacheni avute pumzi yake ya kwanza, aseme neno lake la kwanza. Mkitangulia nyinyi, mmebisha hodi. Atakayeitika kwanza, nyumba ni yake."

"Tumesikia," wakasema.

"Vuta."

Fundi akashika pazia kwa mikono miwili akaling'oa na misumari yake. Jua la alasiri likaingia chumbani lote kwa pamoja, likamwagika juu ya uso ule uliokaa gizani, na Bi Pua akaukodolea macho mwanga mpaka machozi yakamtoka, na pale alipopajua tangu usichana wake, kati ya nyusi, kikaanza kile kimwasho kidogo, kikapanda, kikajaa, akafungua mdomo, hah, hah, na kikarudishwa. Mtu alikishika kutoka ndani akakirudisha. Pamba zikavutwa puani mpaka zikapotea. Harufu ya udongo ikapanda chumbani hata wifi akajikunja, na kimwasho kikaanza tena, kikapanda tena, kikashikwa tena, na kitanda kikaanza kutetemeka kwa watu wawili wanaovutana ndani ya kifua kimoja, mmoja anavuta kwenda nje na mmoja anavuta kwenda ndani, na Mama Mwoshaji ameshika kichwa akisema kwa midomo tu bila sauti, mwanangu, mwanangu, ni kwako, usimwachie, na jua halipepesi, na mume amekiuma kitambaa cha pazia asipige kelele, na kimwasho kikapanda mara ya tatu kikapita nyusi, kikapita paji, kikapita yule aliyesimama njiani,

na Bi Pua akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ya kutikisa kabati. Pamba zilitoka, shashi zilitoka zikivuta nyuzi, damu ikaruka ikaandika ukuta. Pazia lililokuwa mikononi mwa fundi likatuna kuelekea nje ya dirisha, na upepo haukuwapo. Harufu ya udongo ikakatika kama imekatwa kwa mkasi. Chumba kikabaki kinanuka damu na sabuni, vitu vya watu.

Kimya. Mdomo wa Bi Pua ulikuwa umejaa damu. Pumzi ya pili haikusikika tena. Hakuna pumzi yoyote iliyosikika. Yeye mwenyewe alijisikia mwepesi, peke yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya shuka, na hewa ilikuwa pale mbele ya pua yake, tamu, ya bure, akakusanya nguvu aivute.

Nyinyi mnajua, mtoto wa watu anafundishwa adabu kabla hajafundishwa kutembea. Mwenzako akipiga chafya, una neno la kumwambia. Halipiti kwenye akili. Linatoka lenyewe, kama kope inavyofumba. Wifi alikuwa amesimama miguuni, machozi yanamtiririka, moyo umejaa furaha na mapenzi, akafungua mdomo.

"Afya!"

Mama Mwoshaji akageuza kichwa polepole.

Na kutoka kitandani, kabla damu haijamezwa, sauti ikaitika. Nzuri, iliyonyooka, haina king'ong'o hata chembe.

"Asante, wifi."

"Amepona!" wifi akaruka. "Kaka, umesikia? Sauti imenyooka! Wifi yangu amepona!" Akamwangukia shingoni, akapaka damu mashavuni, akacheka, akalia. Fundi akaliachia pazia, akapiga magoti kando ya kitanda, akauweka uso wake kwenye kiganja cha mkewe. Kiganja kikamfunga taratibu, kikampapasa kichwa. Na pua ikavuta hewa. Fffff. Ikaishikilia kidogo, kama mtu anayeonja. Ikaiachia.

Mama Mwoshaji alikuwa ameshafika mlangoni. Hakujua amefikaje.

"Nani amekuitika?" akauliza.

"Si ni mwenyewe!" wifi akajibu akicheka. "Mama, una nini?"

Ndani kabisa, nyuma ya macho yale, kwenye giza ambako sauti za watu zilifika kama zinatoka nyumba ya pili, Bi Pua alikuwa anapiga. Alipiga kwa mikono ambayo haikuwa tena mikono. Alimwita mumewe kwa jina lake la chumbani. Kwa nje ilionekana kope ya jicho la kushoto imecheza mara mbili, basi.

Mama Mwoshaji aliiona ile kope. Akajifunika mdomo kwa ncha ya nguo yake.

Yule aliyekuwa kitandani akajiegemeza vizuri kwenye mito, akajifuta damu kwa nyuma ya mkono, akawatazama mmoja mmoja kwa upole wa mwenyeji.

"Kaeni, jamani," akasema. "Mbona mmesimama? Karibuni kwangu."